Majani ya komfrei: ni ya kunywa, ni ya kubandika, au ni ya kuachana nayo kabisa?

Swali kutoka kwa Bintimama

Salamu kwenu nyote. Naomba mwongozo wa wenye ujuzi wa dawa za mimea, hasa mimea ya asili ya Ulaya. Mama yangu mzazi, ambaye umri umesogea na magoti yanamsumbua sana anapopanda ngazi, ameletewa na jamaa yetu mfuko wa majani makavu ya komfrei, mmea ambao kitaalamu huitwa Symphytum officinale. Ndani ya mfuko mna karatasi inayoeleza kwamba majani hayo huunga mifupa, huponya vidonda vya tumbo, hulainisha kifua chenye kikohozi na yana vitamini B12 kwa wingi, na kwamba mtumiaji anywe kikombe kimoja asubuhi na kingine jioni, bila kutaja kikomo chochote cha muda. Mama ameshaanza kunywa, na anasema anajisikia vizuri.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba nimesoma mahali kuwa komfrei huharibu ini, na papo hapo nimeona kuwa maduka ya dawa ya Ujerumani huuza marhamu ya komfrei waziwazi kwa ajili ya viungo vilivyoteguka. Nashindwa kuelewa inakuwaje mmea mmoja uwe dawa inayokubalika dukani na wakati huohuo uwe sumu. Je, tofauti iko kwenye jani na mzizi, au kwenye kunywa na kupaka, au kwenye kiasi tu? Ningependa pia mjue kwamba mama anatumia karbamazepini aliyoandikiwa na daktari kwa maumivu ya mshipa wa fahamu wa usoni, endapo jambo hilo lina uzito wowote. Naomba nijibiwe kwa undani, kwa sababu mama si mtu wa kuambiwa “acha” bila kuelezwa sababu.

Jibu kutoka kwa Mfamasia Mstaafu

Dada, nitaanza na lile lisiloweza kusubiri: mwombe mama asinywe tena chai hiyo kuanzia leo, na umjulishe daktari wake kwamba amekuwa akiinywa. Hilo la karbamazepini lina uzito mkubwa, nami nitalieleza mahali pake.

Komfrei ina mambo mawili yanayokaa pamoja ndani ya jani moja. Upande wa manufaa, ina alantoini, kemikali inayochochea seli kuzaliana na tishu kujijenga upya. Ina asidi ya rosmarini, ambayo hupunguza uvimbe. Na ina ute mwingi pamoja na tanini, ambavyo hutuliza ngozi iliyowaka. Sifa ya kuunga mifupa haikuzuka hivihivi. Tangu enzi za Wagiriki na Warumi mizizi na majani yake yamekuwa yakipondwa na kufungwa juu ya viungo vilivyoumia, na mwaka 1912 daktari mmoja wa Liverpool, Charles Macalister, aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kuhusu nguvu ya alantoini katika kuponya vidonda sugu. Kwa hiyo walioisifu komfrei kwa karne zote hizo hawakuwa wakiota ndoto.

Upande wa pili ni alkaloidi za pirolizidini, na ndizo zinazobadilisha hukumu yote. Mmea huzitengeneza ili kujikinga dhidi ya wadudu na wanyama wanaoutafuna. Zikiwa zilivyo, alkaloidi hizo hazina ukali mkubwa; ubaya huanza zinapofika kwenye ini, kwani vimeng'enya vya ini, hasa kile kiitwacho CYP3A4, hujaribu kuzivunja ili zitolewe mwilini na badala yake huzigeuza kuwa kemikali kali inayonata kwenye protini na kwenye DNA ya seli zilizo karibu. Ini lenyewe, kwa kufanya kazi yake ya kawaida, ndilo linalojitengenezea sumu. Wa kwanza kuumia ni utando mwembamba unaotandika kuta za mishipa midogo sana ya damu iliyomo ndani ya ini. Utando huo hubanduka, mishipa huziba, damu hushindwa kupita, na ini huvimba huku tumbo likijaa maji. Ugonjwa huu ulielezwa kwa kina mara ya kwanza nchini Jamaika katika miaka ya 1950, kwa watu, wengi wao watoto, waliokuwa wakinyweshwa chai za mimea ya porini yenye alkaloidi za jamii hiihii. Katika miaka ya 1970 ulizuka tena kaskazini-magharibi mwa Afghanistan baada ya ukame, pale ngano ilipochanganyika na mbegu za gugu liitwalo Heliotropium: kati ya watu zaidi ya 7,000 waliopimwa vijijini, zaidi ya mmoja katika kila watano alikutwa na dalili za ini kuathirika. Wala hawakuwa wametumia dawa yoyote. Walikula mkate wao wa kila siku.

Tukirudi kwenye komfrei yenyewe, mifano ya binadamu iliyochapishwa na madaktari si mingi, lakini iko wazi. Mwaka 1985 iliandikwa habari ya mwanamke mmoja wa Marekani ambaye mishipa ya ini ilimziba baada ya kutumia chai na vidonge vya komfrei kwa miezi. Mwaka 1987 ikaandikwa ya mvulana wa Uingereza mwenye umri wa miaka 13, mgonjwa wa utumbo, aliyekuwa akipewa chai ya komfrei mara kwa mara. Mwaka 1990, kutoka New Zealand, ikaandikwa ya kijana wa miaka 23 aliyekuwa akila majani yake kama mboga, naye ini lilishindwa kufanya kazi akafariki. Kabla ya hapo, mwaka 1978, watafiti wa Japani walikuwa wameonyesha kwamba panya waliolishwa majani au mizizi ya komfrei kwa muda mrefu waliota vivimbe kwenye ini.

Sasa nikujibu swali lako la jani na mzizi. Mzizi ndio wenye alkaloidi nyingi zaidi, mara nyingi kupita jani kwa kiasi kikubwa, na majani machanga ya mwanzo wa msimu huzidi yale yaliyokomaa. Hata hivyo jani si salama kwa sababu tu mzizi ni mbaya zaidi, na kulikausha au kulichemsha hakuondoi sumu hiyo; maji ya moto, kinyume chake, huitoa sehemu yake na kuileta ndani ya kikombe. Isitoshe, kiasi chake hutofautiana kati ya mmea na mmea, udongo na udongo, msimu na msimu, hivyo hakuna anayeweza kukuambia kikombe cha mama kina mikrogramu ngapi bila kukipeleka maabara. Kwa sababu hizo mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa, FDA, iliwashauri watengenezaji mwezi Julai 2001 waondoe sokoni bidhaa za komfrei zinazomezwa, na nchini Uingereza vidonge vyake vilikuwa vimeshaanza kuondolewa tangu miaka ya 1990.

Kuhusu karbamazepini: dawa hii huamsha kimeng'enya kilekile cha CYP3A4 na kukifanya kifanye kazi kwa kasi zaidi. Maana yake ni kwamba ini la mtu anayeitumia laweza kugeuza sehemu kubwa zaidi ya alkaloidi kuwa sumu, na kwa haraka zaidi. Hali ni hiyohiyo kwa fenobabitali, kwa rifampisini inayotibu kifua kikuu, na hata kwa mmea mwingine wa Ulaya unaotumika kwa huzuni, Hypericum perforatum. Naomba uzingatie jambo moja hapa: kinachoachwa ni komfrei, si karbamazepini. Dawa ya daktari isiguswe bila daktari kusema.

Na hiyo vitamini B12 iliyotajwa kwenye karatasi ni dai la zamani ambalo halikusimama lilipopimwa; kiasi kilichomo ni kidogo mno kiasi kwamba mtu angelazimika kula majani kwa kilo kila siku ili apate mahitaji yake, na huko kula ndiko kungemmaliza.

Jibu kutoka kwa Shamba la Nyuma

Mfamasia amesema vizuri kuhusu ini. Mimi ni mtu wa bustani, na napenda kuongeza jambo ambalo watu wa dawa mara nyingi hulipita haraka, nalo ni kuujua mmea wenyewe.

Kinachoitwa komfrei si mmea mmoja. Iko ile ya porini ya Ulaya, Symphytum officinale, yenye maua meupe ya rangi ya krimu au ya zambarau, inayopenda kingo za mito na mitaro yenye unyevu. Iko pia ile iitwayo komfrei ya Urusi, Symphytum × uplandicum, ambayo ni chotara, ni kubwa zaidi, na maua yake huelekea buluu. Hii ya pili ndiyo iliyosambazwa na wakulima kama chakula cha mifugo tangu Henry Doubleday wa Essex alipoanza kuipigia debe katika karne ya 19, na ndiyo mtaalamu wa bustani Lawrence Hills aliyoifanyia kazi huko Bocking kuanzia miaka ya 1950 hadi akapata aina maarufu ya Bocking 14, isiyozaa mbegu. Ina alkaloidi iitwayo echimidini, ambayo wataalamu huihesabu miongoni mwa zile zenye ukali zaidi, na ambayo kwenye komfrei ya porini mara nyingi haipatikani au ni kidogo. Kwenye mfuko wa majani yaliyokwisha kukauka na kuvunjikavunjika hakuna mtu, hata mwenye macho makali, atakayekuambia kama umepewa hii au ile.

Kuna hatari nyingine inayokuja kwa kasi kuliko hiyo ya ini. Kabla ya kutoa maua, komfrei hufanana na mmea uitwao Digitalis purpurea, ambao huota sehemu zilezile za Ulaya na ambao katika mwaka wake wa kwanza huwa ni fundo la majani makubwa yaliyokaa chini bila shina. Watu wamewahi kuchuma Digitalis wakidhani ni komfrei, wakachemsha chai, wakaishia hospitalini wakitapika, wakiona vitu vyote vikiwa vya manjano na mapigo ya moyo yakipungua na kuvurugika. Mmea huo ndio asili ya dawa ya moyo, digoksini, na tangu William Withering alipochapisha uchunguzi wake mwaka 1785 inajulikana kwamba kiasi kinachotibu kiko karibu sana na kiasi kinachoua.

Tofauti zake zinaonekana ukishika jani mkononi. Jani la komfrei ni kavu na la kukwaruza, lina vinywele vigumu vinavyochoma vidole kidogo unapolipitisha mkono kinyume, na ukingo wake ni mnyoofu usio na meno. Shina linapokuwa limeshatoka, utaona kitako cha jani kikiteremka kwenye shina kama bawa jembamba. Jani la Digitalis ni laini kama kitambaa cha sufi, hasa upande wa chini ambao una weupeweupe, ukingo wake una meno madogo ya duara pande zote, na upande wa chini mishipa imejitokeza kama wavu. Mimi humwambia kila anayeniomba majani asubiri mmea utoe maua. Maua ya komfrei ni vikengele vidogo vilivyojipanga kwenye tawi lililojikunja kama mkia wa kinyonga, ilhali ya Digitalis ni makubwa, yameinama upande mmoja wa shina refu, na ndani yana madoadoa. Baada ya kuyaona hakuna wa kuchanganya.

Bustanini komfrei ina manufaa yasiyo na shaka. Majani yake yaliyolowekwa kwenye pipa la maji kwa wiki chache hutoa mbolea ya maji yenye potasiamu nyingi, nzuri kwa nyanya na mimea yote inayozaa matunda, ingawa harufu yake humfukuza jirani. Kwangu mimi hapo ndipo mahali pake.

Jibu kutoka kwa Mzee wa Mitishamba

Nimesoma yote kwa heshima, lakini naona mnawatisha watu kupita kiasi. Mmea huu umetumika Ulaya kwa karne nyingi, na watu wazima na wazee waliunywa pasipo kuwa na maabara wala mamlaka. Nimefahamiana na watu waliounywa kwa miaka mingi na hawakuwahi kulalamika ini. Na hao panya mnaowataja walilishwa kiasi ambacho hakuna binadamu anayeweza kukinywa, kwa hiyo ukiwapa panya kiasi kama hicho cha kitu chochote kile, hata chumvi, wataugua. Mbona hamwaambii watu wazuie pombe, ambayo huua maini mengi zaidi kuliko komfrei? Nadhani ni haki mama wa dada yetu aachiwe atumie kidogo kidogo, apumzike, kisha aendelee, kama wazee walivyofanya.

Jibu kutoka kwa Mfamasia Mstaafu

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako ya panya ina ukweli ndani yake, nami siikatai: dozi za maabara ni kubwa, na kiumbe kimoja si sawa na kingine. Kama tungekuwa na panya peke yao, ningeongea kwa upole zaidi. Lakini tunao pia watu, wale niliowataja na wale wa Jamaika na Afghanistan, na kwenye maini yao madaktari waliona ugonjwa uleule unaoonekana kwa wanyama.

Hoja ya karne nyingi ndiyo ninayoomba tuitazame kwa utulivu, kwa kuwa ndiyo inayowashawishi wengi na ilinishawishi hata mimi nilipokuwa kijana. Uzoefu wa wazee ni mwalimu mzuri sana wa mambo yanayotokea mara moja. Mtu akila uyoga mbaya jioni na akafa asubuhi, kijiji kizima kinajua na hakisahau. Mtu akinywa komfrei majira ya kuchipua, tumbo likaanza kujaa maji majira ya baridi, nani atakayekumbuka kikombe? Watasema ni pombe, ni uzee, ni homa ya ini. Ini halina kelele. Laweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake huku mwenye nalo akipanda na kushuka vizuri tu. Ndiyo maana jamii zilizojua kutofautisha mamia ya mimea kwa harufu na ladha zilishindwa kuiona sumu hii, na si kwa kukosa akili. Ilihitaji darubini na uchunguzi wa maiti wengi kwa pamoja ili sababu ionekane.

Na hilo la kunywa, kupumzika na kuendelea halisaidii kama linavyodhaniwa. Madhara madogo hujikusanya. Vipande vya sumu vilivyoshikamana na DNA ya seli za ini hukaa humo muda mrefu, na mtu anaweza kuanza mzunguko wa pili kabla wa kwanza haujafutika. Kuhusu pombe nakubaliana nawe kabisa, na mtu anayekunywa pombe ana sababu moja zaidi ya kujiepusha na chai hii.

Ninachokataa, hata hivyo, ni kuutupa mmea mzima. Dada aliuliza kwa nini Ujerumani wanauza marhamu, na bado sijamjibu. Ngozi isiyo na jeraha ni ukuta mzuri. Mwaka 1982 majaribio ya panya yalionyesha kwamba alkaloidi za komfrei zilizopakwa kwenye ngozi zilitoka kwenye mkojo kwa kiasi pungufu mara 20 hadi 50 kuliko zilizomezwa. Kwa msingi wa namna hiyo, jopo la Ujerumani la dawa za mimea, Kamisheni E, liliidhinisha mwaka 1990 jani na mzizi kwa matumizi ya nje pekee, juu ya ngozi isiyo na jeraha, alkaloidi zisizidi mikrogramu 100 kwa siku, na kwa muda usiozidi wiki nne hadi sita kwa mwaka. Baadaye kamati ya mimea ya Shirika la Dawa la Ulaya ikaikubali marhamu ya mzizi kama dawa ya jadi kwa watu wazima wenye viungo vilivyoteguka kidogo au damu iliyovilia chini ya ngozi, kwa muda wa siku chache na kwa kiwango cha alkaloidi kilicho chini zaidi ya hapo. Watengenezaji wa marhamu za leo huchuja alkaloidi au hutumia mimea iliyochaguliwa kwa kuwa nazo kidogo mno.

Na marhamu hizo hufanya kazi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2005 lilichukua wagonjwa 164 walioteguka kifundo cha mguu, baadhi wakapaka dondoo ya mzizi wa komfrei na wengine jeli ya diklofenaki, dawa ya kawaida ya maumivu, na waliopaka komfrei hawakuwa nyuma. Jaribio la mwaka 2007 linamhusu mama moja kwa moja: watu 220 wenye magoti yaliyolika walipaka marhamu ya komfrei au marhamu tupu kwa wiki tatu, na maumivu yalipungua zaidi kwa waliopaka ya komfrei. Kwa hiyo mama hakukosea kuamini kwamba mmea huu una jambo la kumsaidia goti. Kilichokosewa ni njia ya kuutumia iliyoandikwa kwenye ile karatasi.

Jibu kutoka kwa Bintimama

Nawashukuru sana nyote, na wewe Mzee pia, kwa sababu uliuliza yale ambayo mama angeuliza. Nimemsomea majibu haya taratibu, na lile la goti ndilo lililomlainisha: amekubali kuacha chai kwa sharti kwamba nimtafutie marhamu.

Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza, je, ninaweza kuyatumia majani yaliyobaki kwenye mfuko kwa kuyaloweka na kumbandika gotini badala ya kununua marhamu? La pili linamhusu mdogo wangu wa kike, ambaye ananyonyesha mtoto mchanga na chuchu zimempasuka. Aliposikia habari za komfrei kuponya ngozi, alisema amesoma kwamba zamani wanawake wa Ulaya walipaka komfrei kwenye chuchu kwa tatizo hilohilo, naye anataka kujaribu. Nimemzuia hadi nisikie kwenu.

Jibu kutoka kwa Mkunga Wa Zamu

Nianze na mdogo wako, kwa kuwa mimi ni mkunga na jambo hili liko mikononi mwangu kila siku. Ulifanya vema kumzuia. Ni kweli kwamba wanawake wa zamani walipaka, lakini hapa masharti yote mawili ya usalama yamevunjika kwa pamoja: ngozi ya chuchu imepasuka, kwa hiyo ule ukuta alioutaja mfamasia haupo, na kinachopakwa pale kinaingia moja kwa moja kinywani mwa mtoto. Ini la mtoto mchanga ni laini sana mbele ya alkaloidi hizi. Mwaka 1988 madaktari wa Uswisi walieleza habari ya mtoto mchanga aliyefariki kwa kuziba kwa mishipa ya ini, ambaye mama yake alikuwa akinywa kila siku, wakati wa ujauzito, chai ya mimea yenye alkaloidi za jamii hii. Chai hiyo ilikuwa ya kutuliza kikohozi, na mama mwenyewe hakuugua. Kwa mjamzito na anayenyonyesha komfrei haifai kwa kunywa wala kwa kupaka, popote mwilini.

Chuchu zilizopasuka mara nyingi zinatokana na namna mtoto anavyoshika titi. Mwambie amwangalie mtoto anapoanza kunyonya: kinywa kiwe wazi kabisa, mdomo wa chini umejikunja nje, kidevu kimegusa titi, na sehemu kubwa ya ule weusi unaozunguka chuchu iwe imeingia kinywani. Mtoto akishika ncha tu, hakuna dawa ya kupaka itakayoponya, kwa sababu kidonda kinatoneshwa upya kila baada ya saa mbili. Akimaliza kunyonyesha akamue matone machache ya maziwa yake, ayapake palepale na ayaache yakauke, au atumie lanolini iliyosafishwa, yaani mafuta ya sufu ya kondoo, ambayo haihitaji kufutwa. Akipata homa au titi likiwa jekundu na gumu sehemu moja, asikae nyumbani.

Kuhusu majani ya mfuko kwa ajili ya goti, maoni yangu ni hapana. Hamjui ni komfrei ipi, hamjui ina alkaloidi kiasi gani, na majani makavu yaliyokaa yanaweza kuwa na ukungu. Vinywele vyake navyo hukwaruza, na ngozi ya mtu mzima wa umri wa mama ni nyembamba, huchubuka upesi. Ikishachubuka, kinachobandikwa juu yake hupita. Bora marhamu iliyopimwa, yenye maandishi yanayotaja kiwango cha alkaloidi au kusema kwamba zimeondolewa. Apake kiasi kidogo mara tatu kwa siku kwa muda ulioandikwa kwenye boksi, asipake palipo na jeraha, na anawe mikono baadaye.

Jibu kutoka kwa Mfamasia Mstaafu

Naunga mkono kila alichosema mkunga. Naongeza machache kuhusu mama na safari ya kwenda kwa daktari.

Kwa muda mfupi aliokunywa, huenda kabisa ini lake liko salama, na sitaki mjawe na hofu. Ila kwa kuwa yumo kwenye karbamazepini, ambayo nayo peke yake huhitaji ini liangaliwe, mwombeni daktari ampime vimeng'enya vya ini, bilirubini na albumini, na arudie baada ya wiki kadhaa hata kama majibu ya kwanza ni mazuri. Wakati mkisubiri, angalieni mambo haya: maumivu au uzito chini ya mbavu za kulia, tumbo kukua ilhali chakula anachokula hakijazidi kawaida, uzito kupanda ghafla, miguu kuvimba, macho kuwa ya manjano, mkojo kuwa mweusi kama chai kavu, na uchovu usioelezeka. Moja likitokea, msingoje tarehe ya miadi. Hakuna dawa ya kuifuta sumu hii ikishaingia. Tiba ni kuacha chanzo mapema na kulisaidia ini lijirekebishe, ndiyo maana siku za mwanzo zina thamani kubwa.

Marhamu yenyewe mwonyesheni daktari au mfamasia kabla hajaanza kuipaka, na kwa hali ya mama ningependa asubiri hadi majibu ya kwanza ya ini yatoke. Mfuko uliobaki msiutupe bado. Ufungeni vizuri, uwekeni mbali na watoto, na mwende nao kliniki pamoja na ile karatasi, kwa sababu jina la kitaalamu lililoandikwa, namba ya toleo na hata vipande vya majani vinaweza kumsaidia daktari, na vilevile kuisaidia mamlaka ya dawa kumfuatilia aliyeandika kwamba kinywaji hiki hakina kikomo cha muda.